Mangi Meli wa Moshi na wenzake kumi na wanane



Kila mwaka kijitabu chetu cha harambee hutenga kurasa chache kwa ajili ya maisha ya mtu mmoja wa nyumbani aliyetangulia. Mwaka huu kamati imechagua Mangi Meli, kwa sababu moja ya michango tunayoomba inamhusu. Mnakumbuka kwamba kwenye mkutano mkuu uliopita hoja hiyo ilituchelewesha kula. Wapo waliosema fedha zote ziende kwenye zahanati na madawati, maana wafu hawaumwi wala hawasomi. Wapo waliosema tumechelewa kwa miaka mingi mno. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika ni watu wa hesabu, si wanahistoria. Tutasimulia kwa namna tunayoiweza: nini kilitokea, nani aligharamia, na nini bado kinadaiwa.

Meli alizaliwa katika nyumba ya Mangi Rindi, yule ambaye Wazungu wa enzi zile walimwita Mandara. Rindi alikuwa na jicho moja tu, lakini lilimtosha. Moshi ya wakati huo haikuwa mji. Ilikuwa nchi ndogo ya migomba na mifereji kwenye mteremko wa mlima, imezungukwa na nchi nyingine ndogo kama hiyo, kila moja na mangi wake: Kibosho, Uru, Kirua, Marangu na nyinginezo. Misafara kutoka pwani ilipanda hadi huku kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na mangi aliyejua kuongea na wageni alipata bunduki na nguo kuliko jirani yake. Rindi alijua. Mwaka 1885 aliwakaribisha wamisionari Waingereza, na mwaka huohuo akafanya mkataba na Mjerumani Carl Jühlke. Mwaka 1889 alituma wajumbe wake hadi Berlin, wakapokelewa kama wageni wa heshima. Mkumbuke safari hiyo ya Berlin, tutarudi kwake.

Mwaka 1891, mwezi wa Februari, Hermann von Wissmann alipanda mlima na jeshi lake kumpiga Mangi Sina wa Kibosho, na wapiganaji wa Rindi walikwenda pamoja naye. Hilo lazima liandikwe. Ndugu zetu wa Kibosho wanaijua habari hii kuliko sisi, na wana haki ya kutukumbusha kila tunapokaa nao kwenye mbege. Rindi aliona kwamba Mjerumani ni rungu la kumpigia jirani. Hakuishi kuona rungu lenyewe likigeuka, maana alifariki mwishoni mwa mwaka huohuo.

Meli akakalia kiti cha baba yake akiwa bado kijana. Alirithi urafiki na Wajerumani, lakini alirithi pia madai yao. Wao waliona kuwa Moshi ni mali yao kwa karatasi aliyoisaini Rindi. Meli aliona kuwa baba yake alipokea wageni, hakuuza kihamba. Kituo cha Wajerumani wakati huo kilikuwa Marangu, kwa Mangi Marealle, na mkuu wa kituo alikuwa Albrecht von Bülow. Ugomvi ulianza kwa mambo madogo, ukakua upesi, na katikati ya mwaka 1892 von Bülow aliamua kuja kumfundisha adabu mangi huyu kijana.

Tarehe 10 Juni 1892 aliingia Moshi na askari wake. Yeyote aliyekulia nyumbani anajua jinsi migomba inavyoficha watu. Unaweza kuwa hatua kumi kutoka kwa mtu usimwone, na kati yako na yeye kuna mfereji na ua wa masale. Wapiganaji wa Meli walikuwa na bunduki na walikuwa kwao. Siku ile Wajerumani walishindwa. Von Bülow na ofisa mwenzake Wolfrum walikufa, na pamoja nao askari wengi. Waliobaki walikimbia, na kituo kikaachwa. Askari wale waliokufa upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika walioajiriwa kutoka mbali, wengine kutoka Sudan. Hao nao walikuwa watoto wa watu, na hakuna jiwe lolote mlimani linalowataja.

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili Moshi haikumtii Mjerumani. Serikali ya kikoloni iliwashuku wamisionari Waingereza kwamba walikuwa nyuma ya Meli, nao wakalazimika kuhamia Taveta. Mwaka 1893 wakaja Walutheri wa misheni ya Leipzig. Kwa hiyo mtoto akikuuliza kwa nini sisi Old Moshi ni Walutheri na si Waanglikana, sehemu kubwa ya jibu iko kwenye vita ile.

Mjerumani hakuweza kuacha jambo lile lipite. Agosti 1893 alikuja Friedrich von Schele na kikosi kikubwa chenye mizinga, na tarehe 12 Agosti Meli alishindwa. Hakuuawa. Aliomba amani, akapewa kwa masharti, na masharti yenyewe yalikuwa kazi: watu wake wajenge. Makao ya Wajerumani yalihamishwa kutoka Marangu kuja Moshi, na boma likajengwa kwa mikono ya watu waliokuwa wameshindwa vitani. Mkuu wa boma, Kapteni Kurt Johannes, akawa jirani wa Meli. Tunapoandika hesabu huwa tunaweka kila gharama mahali pake, na gharama ya boma lile haikutoka hazina ya Berlin peke yake. Ilitoka kwa babu zetu, kwa siku za kazi ambazo hakuna aliyezilipa.

Miaka iliyofuata haisimuliwi sana nyumbani, labda kwa kuwa haina ushindi. Meli alitawala huku akitazamwa. Mwaka 1896 wamisionari wawili waliuawa kule Meru, na Johannes alikwenda kuadhibu watu wa Meru na Arusha akiandamana na wapiganaji wengi wa Kichagga. Walirudi na ng'ombe. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba. Wakati wote huo Marealle wa Marangu alizidi kupanda machoni pa Wajerumani, na mamlaka yake yakapanuka.

Kisha ikaja habari ya njama. Boma liliambiwa kwamba Meli, pamoja na wakuu wengine wa mlimani na wa Meru na Arusha, wanapanga kuwashambulia Wajerumani kwa pamoja. Wengi walioandika historia ya Wachagga wanaona mkono wa Marealle katika taarifa hizo, na miaka minne baadaye, mwaka 1904, mambo yalipomgeukia yeye mwenyewe, alikimbilia upande wa Waingereza. Tunaandika haya bila kinyongo. Marangu ni wakwe zetu, na nusu ya kamati hii ina mama au shangazi wa huko. Na kama tulivyokwisha kusema, baba yake Meli alifanya jambo la namna hiyohiyo kwa Kibosho. Milima yetu ilitawaliwa kwa sababu kila mangi alidhani mgeni ni wake peke yake.

Tarehe 2 Machi 1900, hapo Tsudunyi, Meli alinyongwa juu ya mti pamoja na watu wengine kumi na wanane. Hawakuwa wa Moshi peke yao. Miongoni mwao alikuwamo Mangi Molelia wa Kibosho, Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Lobulu wa Meru. Nchi ambazo hazikuwahi kukaa meza moja zilikutanishwa na kamba moja. Wazee husimulia kwamba Meli hakufa upesi, alining'inia kwa saa nyingi akiwa hai. Mjukuu wake amesimulia hadharani mara nyingi kwamba bibi yake, mke wa Meli, alilazimishwa kusimama na kutazama, na kwamba ni yeye aliyemwambia kuwa baadaye kichwa cha babu yake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Kwa vijana wetu waliokulia mjini, inabidi tueleze kwa nini kichwa ni jambo zito. Kwa desturi ya zamani ya Wachagga, baba alizikwa kihambani, na baada ya muda mrefu mifupa ilifukuliwa, fuvu likawekwa mahali pa heshima ndani ya kihamba, limezungukwa na masale. Hapo ndipo ukoo ulipokwenda kuongea na wakubwa wake. Sale lilelile tunalopeleka kuomba msamaha ndilo lililolinda mahali pale. Mtu asiye na fuvu nyumbani alikuwa kama hakuwahi kurudi kutoka safari. Mkoloni alipochukua vichwa vya watu wa mlimani, alichukua kile hasa ambacho ukoo ungekihifadhi. Rindi alipeleka wajumbe Berlin wakarudi na zawadi. Miaka kumi na moja baadaye watu wa mwanawe walipelekwa kwa namna nyingine, hawakurudi.

Baada ya kifo cha Meli maisha yaliendelea, kama yanavyoendelea. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika tambarare, mji ukashuka kuifuata, jina la Moshi likashuka nao, na sisi tukabaki na neno Old mbele. Wengi wetu tulisoma shule za kule juu, tukapita karibu na mahali pale kila siku na madaftari kichwani, na tulijua zaidi habari za Bismarck kuliko za Meli. Hatumlaumu mwalimu yeyote. Mtihani uliuliza Bismarck.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu zenyewe na nani anazilipia.

Sisi tunaoishi Dar es Salaam tunapita pale kwenye Sanamu ya Askari kila tunapokwenda mjini. Imesimama tangu 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Haina jina la mtu hata mmoja. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamesimamisha mjini humo sanamu ya Wissmann, yuleyule aliyepanda Kibosho na wapiganaji wa Rindi. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1967 na tena 1968. Sanamu inaweza kusafiri hivyo. Inategemea nani anaihitaji na nani anailipia.

Tazama pia upande wa Taveta, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Mwaka 1916 kulikuwa na mapigano makali Salaita na Latema, na waliokufa upande wa Waingereza, wengi wao wazungu kutoka Afrika Kusini, wana makaburi Taveta yenye majina, yamepangwa kwa mistari, na nyasi zake hukatwa. Tume inayoyatunza iliundwa 1917 na inagharamiwa na serikali sita: Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Afrika Kusini na India, kila moja kwa sehemu yake. Ni mpango mzuri wa fedha, tunasema kama watu wa fani. Hakuna anayesubiri Desemba ndipo achangishe. Lakini mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti na kukiri kwamba Waafrika waliokufa katika vita vile hawakutendewa sawa, na kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi ambao Kariakoo imeitwa kwa ajili yao wamo humo. Fedha zilikuwapo wakati wote. Kilichokosekana ni mtu wa kudai kwamba jina la mpagazi nalo ni gharama halali.

Na Meli? Hakuna serikali iliyomwekea fungu. Kwa miaka mingi mtu aliyebeba kumbukumbu yake alikuwa mjukuu wake, akiandika barua kwa Wajerumani tangu miaka ya 1960, kwa gharama zake mwenyewe. Baadaye kikundi cha utalii wa utamaduni cha Old Moshi kiliungana na wasanii na wanaharakati wa Berlin, na ndivyo tulivyopata maonyesho ya maisha ya Meli na kumbukumbu iliyofunguliwa Tsudunyi mwaka 2019. Tunawashukuru wote. Lakini tuseme ukweli unaotuuma kidogo: sehemu ya kumbukumbu ya mtu wetu iliwezekana kwa sababu watu wa Berlin waliona aibu kabla sisi hatujaona.

Mwaka 2023 ikaja habari iliyotutoa machozi wengi. Taasisi ya Berlin inayohifadhi zaidi ya mafuvu elfu moja kutoka Afrika Mashariki ilikuwa imepima vinasaba na kulinganisha na koo za huku. Mafuvu matatu yalipata ndugu zao. Moja lilikuwa la mshauri mkuu wa Meli, na ukoo wa Kiwelu ukathibitika kuwa ndio wenye mtu. Mengine mawili yalilingana na ukoo wa Kaaya wa Meru. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikuwemo. Mwezi Novemba mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea kwenye makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha. Songea wana makumbusho, wana kaburi la mashujaa, na kila Februari watu hukusanyika. Alipokuja mgeni alikuta mahali pa kusimama.

Hapo ndipo hoja yetu ilipo. Siku moja ndege itatua Kilimanjaro na sanduku, liwe la Meli au la wenzake. Swali watakalouliza ni dogo: linawekwa wapi, na nani ataangalia hapo mahali mwaka kesho na mwaka wa kumi?

Kamati inaomba mambo mawili tu. La kwanza ni jiwe la majina kumi na tisa, yote kwa ukubwa wa herufi mmoja, la mangi na la mshauri wake, la Moshi na la Kibosho, la Siha, la Meru na la Arusha. Tunaomba kila ukoo ulete jina la mtu wake kwa maandishi, likiwa na sahihi za wazee wawili, kabla ya fundi kushika patasi. Tumeandika barua kwa umoja wa majirani ili gharama za jiwe zigawanywe, na hatutachonga hadi wajibu, hata kama itachukua miaka miwili. Jiwe lenye jina la Meli peke yake tunaweza kulilipia sisi wenyewe kesho. Kamati imelikataa.

La pili ni mfuko wa matunzo, na hili ndilo tunalolisisitiza, japo halina picha nzuri ya kuweka kwenye jalada. Kujenga ni gharama ya mara moja, na kila mtu anapenda kuikatia utepe. Kufyeka, kupaka rangi, kumlipa mlinzi na kijana wa kuwaeleza wanafunzi ni gharama ya kila mwezi, na hakuna anayeipigia makofi. Fedha za mfuko huu zitawekwa kwenye akaunti ya muda maalumu na matunzo yatalipwa kwa faida yake, mtaji usiguswe. Kwa wale waliouliza kuhusu zahanati: haitapoteza shilingi. Akaunti ni mbili, vitabu ni viwili, na makadirio ya kila moja yako ukurasa wa mwisho. Mchangiaji aandike kwenye fomu anachangia ipi. Asipoandika, tutaweka zahanati.

Fomu za ahadi zitakusanywa hadi mwisho wa Novemba. Wanaokwenda nyumbani kwa Krismasi wanaweza kukabidhi mchango kwa mweka hazina wa kijiji, ambaye atakuwa na kitabu cha risiti kanisani Jumapili zote mbili za sikukuu. Watakaoweza kubaki au kurudi tarehe 2 Machi, tutakutana Tsudunyi asubuhi. Njooni na masale.